Ruhusa za watu kwenye klaudi: acheni kugawa funguo, gaweni kofia (uzi mrefu kidogo)

fundi_wa_zamu

Wakuu salaam,

Kila nikiitwa kuangalia mambo ya klaudi ya kampuni fulani, iwe duka la mtandaoni, saccos au hawa jamaa wa mikopo ya simu, nakuta yaleyale. Akaunti moja ya AWS (klaudi ya Amazon), imefunguliwa kwa imeili ya bosi, paswedi iko kwenye grupu la WhatsApp, wote wanaingilia hapohapo. Waliojitahidi kidogo kila mtu ana yuza wake, ila ukifungua ruhusa zake unakuta AdministratorAccess, yaani ruhusa ya kila kitu. Mhasibu anayetaka kuona bili tu, admini. Kijana wa fildi, admini. Jamaa aliyeshaacha kazi mwaka jana, admini mpaka leo. Ukiuliza imekuwaje unaambiwa "alikuwa anakwama tukampa kwa muda", na "kwa muda" ya Bongo mnaijua wenyewe.

Ngoja niseme ninavyoona mimi halafu mnipinge. Ruhusa haitakiwi kukaa kwa mtu. Ikae kwenye jukumu, mtu alivae hilo jukumu pale anapolihitaji, akimaliza livuke lenyewe. Ndo kofia ileile tunayoisema kila siku, fulani ana kofia mbili, mtu ni mmoja ila mamlaka yake yanategemea leo amekaa kikao gani. Na wala wazo si la klaudi, Ferraiolo na Kuhn wa NIST, taasisi ya viwango kule Marekani, waliliandika 1992 hata AWS haijawaza kuzaliwa, na kanuni mama, kwamba kila mtu apewe ruhusa kiasi cha kazi yake na isizidi hapo, Saltzer na Schroeder walishaiandika 1975. Kwa hiyo hii ya kusema "teknolojia mpya inatuchanganya" mimi siipokei.

Kwenye AWS vitu viko hivi. Kuna root, huyu ndo imeili iliyofungulia akaunti, anaweza kila kitu mpaka kuifunga. Muwekee MFA (uthibitisho wa pili, kama ile namba ya kwenye simu), paswedi yake fungia kabatini, usimtumie kwa kazi za kila siku na ufunguo wa API (ule wa programu kuingilia) usimtengenezee kabisa. Kuna yuza, kuna kundi la mayuza, halafu kuna kofia, wenyewe AWS wanaiita role. Yuza ana vitu vya kudumu, yaani paswedi na zile funguo zinazoanza na AKIA ambazo hazifi mpaka mtu azizime. Kofia haina paswedi wala ufunguo wake. Ukiivaa, huduma inayoitwa STS inakupa funguo za muda, hizi zinaanza na ASIA na zinakuja na tokeni, kawaida saa moja, unaweza kushusha mpaka dakika 15 au kupandisha mpaka saa 12, muda ukiisha zimekufa hata kama mwizi kazikopi na anazo mkononi.

Kila kofia ina karatasi mbili na hapa ndo wengi wanachemka. Ya kwanza inasema NANI anaruhusiwa kuivaa, ya pili inasema akishaivaa afanye NINI. Unaweza kuandika ya pili vizuri kabisa, kusoma tu, baketi moja tu (baketi ni chombo cha kuwekea mafaili kwenye S3, hifadhi ya AWS), halafu ile ya kwanza ukaweka nyota, hapo umeiacha kofia barazani kila mpita njia ajaribu. Sera, yaani hiyo karatasi ya ruhusa, inaandikwa kwa JSON (maandishi yenye mpangilio wa kompyuta), ndani kuna Effect, Action, Resource, na ukitaka kubana zaidi unaongeza Condition. Mfano mhasibu anataka ripoti za mauzo: Effect ni Allow, Action ni s3:GetObject, Resource ni arn:aws:s3:::ripoti-mauzo/* basi. Hiyo nyota baada ya mkwaju (/) ni mafaili yaliyomo kwenye baketi hilo, sio mabaketi yote mliyonayo. Akitaka pia kuona orodha ya mafaili unaongeza s3:ListBucket, ila hiyo Resource yake ni baketi lenyewe bila mkwaju wala nyota, na nimeona watu wazima wanapoteza mchana mzima hapo, AccessDenied, AccessDenied, mwisho wanachoka wanampa mtu s3:* juu ya kila kitu ili wakale.

Hesabu ya ruhusa ni fupi: bila kuandika chochote kila kitu kimekataliwa, Allow inafungua, na Deny iliyoandikwa wazi inazishinda Allow zote hata ziwe ngapi.

Karibuni.

kijana_wa_fildi

Asante mkuu nimeelewa ila sasa kundi na kofia si kitu kimoja? mimi madevelopa nimewaweka kundi moja sera nimeipachika kwenye kundi na inapiga kazi freshi tu

fundi_wa_zamu

Sio kimoja dogo. Kundi ni njia ya kupachika sera kwa mayuza wengi kwa mpigo, lakini ruhusa wanakuwa nazo muda wote, wamelala wameamka, na funguo zao zinabaki zilezile za kudumu. Kundi halivaliki, na mashine haiwezi kuwa mwanakundi. Seva ya EC2 (mashine unayokodi AWS) au Lambda (kodi inayojiendesha AWS bila wewe kuwa na seva) ikitaka kusoma baketi unaivisha kofia, funguo zinakuja na kujibadilisha zenyewe, wewe huandiki siri yoyote kwenye faili la mipangilio.

Ila kundi lina kazi yake. Kwa timu ndogo mnaweza kufanya hivi: kundi la madevelopa lipewe kitu kimoja tu, sts:AssumeRole (ruhusa ya kuvaa) kuelekea kofia ya kazi, na karatasi ya kwanza ya hiyo kofia iwe na sharti la aws:MultiFactorAuthPresent. Mtu akiiba laptopu yenye funguo za dev anakuta zinamfikisha mlangoni tu, kuingia ndani mpaka ile namba ya kwenye simu. Mkikua kidogo hamieni IAM Identity Center (IAM ni sehemu ya AWS inayosimamia watu na ruhusa), ile iliyokuwa inaitwa AWS SSO mpaka 2022, hapo mayuza wa IAM mnaachana nao kabisa, watu wanaingia kwa akaunti zao za ofisini na kila mmoja anachaguliwa kofia za kuvaa.

bosi_wa_watu_wanne

Mkuu mimi nakupinga kidogo. Haya ni ya mabenki na makampuni makubwa. Sisi tuko wanne, ofisi moja, tunaaminiana, mmoja ni mdogo wangu wa damu. Nikianza kumuwekea masharti ataniona nimebadilika, na kazi zitakwama kila saa mtu anaomba ruhusa.

dada_mifumo

Kaka suala hapa sio kuaminiana. Mdogo wako humkatazi yeye, unaukataza ufunguo wake siku ukiwa mikononi mwa mtu mwingine.

Na hii ya "sisi wadogo" ndo inatisha kuliko. Kulikuwa na kampuni inaitwa Code Spaces, walikuwa wanawahifadhia watu kodi za programu zao kwenye AWS. Juni 2014 mtu akaingia kwenye konsoli yao (ukurasa wa kusimamia akaunti), akaacha ujumbe anataka hela. Wakabadilisha paswedi wakidhani wamemtoa, kumbe alishajitengenezea mayuza wengine wa akiba humohumo, alipoona wanahangaika akaanza kufuta. Mashine, snapshoti (nakala za diski), mabaketi, na bakapu, maana bakapu zilikuwa akaunti ileile chini ya ruhusa zilezile. Ndani ya saa kama 12 hakukuwa na kampuni, wakatangaza wanafunga. Sasa jiulize, aliyeingia angekuwa na ruhusa ya kusoma tu, au hata ya kuwasha na kuzima seva tu, angefuta nini? Angetengeneza yuza gani?

Na ufunguo wa kudumu ukitaka kuujua vizuri angalia Uber 2016. Wezi waliingia kwenye GitHub (mtandao wa kuhifadhi kodi za programu) ya kampuni, repo (hifadhi ya kodi) ya ndani sio ya wazi, wakakuta funguo za AWS zimeandikwa humo, wakaondoka na taarifa za watu milioni 57, abiria na madereva. Uber wakalipa dola 100,000 wakanyamaza, ikaja kujulikana Novemba 2017, na 2018 wakakubali kulipa dola milioni 148 kumaliza kesi na majimbo ya Marekani. Ufunguo ule ungekuwa wa saa moja wangekuta takataka.

bosi_wa_watu_wanne

Hiyo ya bakapu akaunti ileile imenigusa. Naendelea kusoma.

mkaguzi_mstaafu

Vijana, mnasifia kofia kama dawa ya kila kitu. Mimi nimekaa kwenye ukaguzi muda mrefu, jueni kwamba kofia pana ni mbaya kama ufunguo wa kudumu, pengine zaidi, kwa sababu mwenye nayo analala usingizi akijua amefuata utaratibu. Wizi wa benki ya Capital One kule Marekani 2019 haukuwa ufunguo ulioibwa GitHub. Ilikuwa kofia.

fundi_wa_zamu

Mzee shikamoo, na uko sahihi kabisa. Niielezee kwa ambao hawaijui maana hii ndo kesi ya kufundishia.

Capital One walikuwa na mashine ya EC2 imebeba ngome ya kuchuja maombi ya wavuti, na mpangilio wake ulikuwa na kasoro, mtu wa nje akiituma ikamletee kitu kutoka anwani fulani inaenda. Sasa kila mashine ya EC2 ina anwani ya ndani 169.254.169.254 ambapo inaulizia habari zake yenyewe, zikiwemo funguo za muda za kofia iliyovaa. Mwizi akaituma ngome iulize hapo, ikauliza, ikamletea funguo. Halali kabisa, za muda kabisa. Mpaka hapo hasara ingekuwa ndogo, ngome ya kuchuja maombi inahitaji ruhusa gani za maana? Lakini ile kofia ilikuwa inaruhusiwa kuorodhesha mabaketi na kusoma yaliyomo. Taarifa za watu kama milioni 100 Marekani na milioni 6 Kanada zikatoka, na 2020 mdhibiti wa mabenki kule akawapiga faini ya dola milioni 80. AWS wenyewe Novemba 2019 walitoa toleo la pili la hiyo huduma ya ndani, IMDSv2, ambalo linadai tokeni kwanza kabla ya kujibu, kwa hiyo kama una mashine za zamani ingia leo uzilazimishe v2 peke yake.

Tena usikate ruhusa kwa kukisia. IAM inakuonyesha kwa kila kofia huduma ipi imeguswa lini mara ya mwisho. Unaiacha ifanye kazi muda wa kutosha, mwisho wa mwezi upite, ripoti za robo mwaka zipite, halafu ambazo hazijaguswa unazikata. Ukikata katikati ya mwezi utakuja kupigiwa simu tarehe 30 mishahara imegoma.

mswahili_wa_kodi

Niko Mombasa hapa, tunashukuru kwa somo. Swali langu ni GitHub Actions, ile huduma ya GitHub ya kuendesha kazi zenyewe. Sisi tunapeleka programu laivu kutoka GitHub na tumeweka funguo za AKIA kwenye zile siri za repo. Kuna njia nyingine ama ndo hivo?

dada_mifumo

Ipo kaka, tangu 2021 GitHub inaweza kujitambulisha kwa AWS kwa OIDC (njia ya kujithibitisha kwa tokeni za muda) ikavaa kofia bila ufunguo wowote kuhifadhiwa. Ila kwenye karatasi ya kwanza ya kofia USISAHAU sharti la sub linalotaja repo yenu na tawi lenu. Bila hilo unachosema ni "yeyote anayetoka GitHub na avae", na GitHub nzima ni watu wangapi? Nimewahi kufungua ya kampuni moja, jina silitaji, walikuwa wameandika aud (inayotaja tokeni inaelekezwa kwa nani) peke yake wanadhani wamefunga. Mtu wa bara lolote mwenye akaunti ya bure, akishajua namba ya akaunti yao na jina la kofia, anavaa.

mswahili_wa_kodi

Lahaula. Naenda kuangalia yetu sasa hivi.

kijana_wa_fildi

Je Google na Azure ni hivihivi?

fundi_wa_zamu

Wazo moja, lugha tofauti. Google usigawe zile kofia za msingi Owner, Editor na Viewer kwenye mradi ulio laivu, Editor ni pana kupita kiasi na wenyewe Google wanakuambia usitumie, chukua zilizopangwa kwa kila huduma. Na kumbuka kwao ruhusa inashuka, ukimpa mtu kwenye folda anayo kwenye miradi yote chini yake. Azure Contributor anafanya karibu kila kitu isipokuwa kumgawia mwingine ruhusa, Owner anagawa pia, kwa hiyo wamiliki wawe wachache. Zaidi ya hapo fungueni uzi mwingine, mimi mkate wangu uko AWS.

Kuna kitu ila nataka nikiseme kabla sijasahau, kinaitwa iam:PassRole. Hiki ndo kinachowamaliza hata wanaojiona wamebana. Chukulia developa umempa ruhusa ya kuwasha mashine za EC2 tu, hana IAM hana databezi, umeridhika. Lakini ili mashine ivishwe kofia, anayeiwasha lazima awe na PassRole, na wewe ulipoona kosa la PassRole ukaweka Resource nyota ili aache kulalamika. Sasa kwenye akaunti kuna kofia ya admini mliyoitengeneza kwa ajili ya mashine za kujenga mifumo. Dogo anawasha mashine mpya, anaivisha hiyo kofia ya admini, anaingia kwenye mashine kwa SSH, anauliza ile 169.254, anapata funguo za admini. Hajavunja sera hata moja, kila hatua uliiruhusu wewe. Dawa ni kuandika kofia moja moja ambazo anaruhusiwa kuzivisha, kwa majina yake, nyota hapo marufuku. Lambda hivyohivyo, anayeweza kutengeneza Lambda na kuivisha kofia yoyote ni admini mwenye jina la upole.

mkaguzi_mstaafu

Marahaba kijana. Hapo umenena, na wakaguzi wengi hawalijui hilo, wanaangalia orodha ya maadmini tu wanatia saini.

bosi_wa_watu_wanne

Nimerudi. Mimi nataka kuzuia mtu asiweze kuingia mpaka awe ofisini kwetu. Inawezekana?

dada_mifumo

Inawezekana, kuna sharti la aws:SourceIp (anwani ya mtandao anakotokea mtu), ila kwa hapa Dar fikiria mara mbili. Kama ofisi inatumia ruta ya laini ya simu IP yako inabadilika inavyotaka, na unashea na watu wengine mtaa mzima, siku moja utajifungia nje mwenyewe. Labda uwe umelipia IP ya kudumu au mnapita kwenye VPN. Bora ubane kwa MFA kwanza.

Kwa maoni yangu la maana zaidi kwako ni kubana maeneo, yaani vituo vya AWS vilivyotawanyika duniani. Wanaoiba funguo kwa ajili ya kuchimba sarafu za kidijitali wanawasha mashine kubwa kubwa maeneo ambayo wewe hufungui kabisa kwenye konsoli, unakuja kushtukia bili mwisho wa mwezi. Andika Deny yenye aws:RequestedRegion, chochote nje ya Cape Town na Ireland kikataliwe, kama huko ndo mliko. Ila uangalifu hapa: IAM yenyewe, Route 53 (majina ya tovuti) na CloudFront (kusambaza tovuti) maombi yao yanahesabiwa us-east-1 (eneo la Marekani) hata kama uko Cape Town, usipoyaweka pembeni kwa NotAction (yaani "isipokuwa hizi") utajikuta huwezi hata kurekebisha kofia uliyoiharibu. Na Cape Town ni eneo la kuwashwa kwanza kwenye akaunti, halafu skripti zako ziombe tokeni kwa anwani ya STS ya Cape Town yenyewe, ukiombea ile ya dunia nzima bila kubadilisha mpangilio, tokeni inagoma kule na utadhani sera ndo mbovu.

mswahili_wa_kodi

Na bosi, hata kama mko wanne sheria haiulizi mko wangapi. Huku kwetu Data Protection Act ya 2019, taarifa za watu zikivuja na kuna hatari kwao, Kamishna anataka aambiwe ndani ya saa 72. Utamwambia nini kama nyote mnaingia kwa yuza mmoja? Logi itakuonyesha "root" amefanya, root ni nani kati yenu?

fundi_wa_zamu

Umegusa penyewe. Na sisi ya kwetu ipo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ipo. Uzuri wa kofia ni kwamba ukiivaa unaweka jina la kikao, kwenye CloudTrail, daftari la AWS la matukio, inaandikwa kofia fulani imevaliwa, kikao jina fulani, saa ngapi, kutoka wapi. Mlazimishe jina la kikao liwe jina la mtu, kuna sharti lake sts:RoleSessionName, la sivyo madevelopa wataandika "test" wote.

kijana_wa_fildi

Wakuu samahani. Nimefungua ile ripoti ya IAM inayoonyesha funguo zimetumika lini, ya kampuni nilipo, kuna yuza anaitwa backup2, ana AdministratorAccess, ufunguo umetumika mara ya mwisho usiku wa kuamkia leo, huduma s3. Nimeuliza ofisi nzima hakuna anayemjua. Nimfute?

fundi_wa_zamu

USIFUTE kwanza. Saa gani imeandika?

kijana_wa_fildi

00:00

fundi_wa_zamu

Hiyo ni UTC (saa ya kimataifa), kwetu ni saa tisa usiku. Saa kamili namna hiyo inanukia cron, yaani kazi iliyopangwa kwenye seva ijiendeshe yenyewe, lakini usikisie. Kwenye CloudTrail historia ya siku 90 utaona kama amegusa mambo ya usimamizi, kutengeneza yuza, kubadilisha sera na kadhalika, na IP aliyotokea. Upakiaji wa mafaili S3 hautauona humo kama hamjawasha kurekodi matukio ya data. Kwa hiyo ingia kwenye seva zenu moja moja, angalia crontab -l na faili la ~/.aws/credentials, tafuta hizo herufi za AKIA.

kijana_wa_fildi

Nimeipata. Seva ya zamani ya mfumo wa stoo, skripti ya bakapu ya databezi, ufunguo umeandikwa mlemle ndani. CloudTrail haina kitu kingine cha huyo yuza.

fundi_wa_zamu

Safi sana. Sasa mwambie msimamizi wako kwanza, usifanye peke yako. Kama hiyo seva ni EC2 tengenezeni kofia, s3:PutObject peke yake kwenye baketi la bakapu, kufuta hakuna, na baketi liwashiwe matoleo ili faili likiandikwa juu ya jingine la zamani libaki. Visheni seva, toeni ufunguo kwenye skripti, iendesheni kwa mkono muone faili limefika. Halafu ule ufunguo uwekeni Inactive, sio kufuta, pitisheni saa tisa ya usiku, asubuhi mkikuta bakapu mpya ipo na hakuna aliyelia ndo mnafuta ufunguo na yuza. Ikigoma mnaurudisha Active kwa kubofya mara moja mnatafuta ni wapi kwingine umeandikwa, maana wa hivi mara nyingi umekopiwa na kwenye seva ya pili.